Gita ya Magotini na Mkono wa Shaba

Ulimwona. Usikunje uso, na usilete ile hadithi kwamba siku hiyo ulikuwa Kipushi kwa shemeji. Ulikuwa kwenye foleni ya unga, Ruashi, Alhamisi asubuhi, na Albertine akapita mbele yako na kitenge chake cha bluu, karatasi ya ndoa mkononi, anatazama watu usoni mmoja mmoja. Alipokufikia wewe, uliinama kufunga kamba za viatu. Ulikuwa umevaa sandali.

Basi leo hutainama. Utaambiwa kile ulichokataa kukitazama, tangu mwanzo, na mwisho wake utaambiwa la kufanya. Hutapata mlango wa kutokea ukisema hukujua.

Mambo yalianzia dukani kwa Kabwe. Lile duka unalijua. Lilikuwa la Mgriki mpaka serikali ilipogawa maduka ya wageni kwa wenyeji, na kwa bahati ya ajabu mwenyeji aliyelipata akawa Kabwe, mwenyekiti wa seli ya Chama, ambaye mpaka siku ile hakuwa ameuza hata kiberiti. Miaka miwili baadaye rafu zilibaki na vumbi, makopo ya rangi iliyokauka, na gita moja ya Hawaii, nyekundu, inang'aa, imetundikwa juu kama paja la ng'ombe buchani.

Kalenga aliingia, mkewe Albertine nyuma yake. Alikuwa ameyeyusha shaba ya kampani miaka ishirini na moja, na mwaka uliopita mashine ilimla vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Kampani ikampa barua na pesa, na pesa zile Albertine alizifunga kwenye ncha ya kitenge. Zilikuwa zimebaki zaire sitini. Vidole vilikuwa vimebaki viwili, gumba na shahada.

Nyumba ile ilikula zaidi kwa gita kuliko ilivyokula kwa mshahara. Ndoa, matanga, ubatizo, watu walimwita Kalenga. Lakini kwa vidole viwili huwezi kubana nyuzi za gita ya kawaida. Gita ya magotini, hiyo ya Hawaii, haibanwi: unailaza mapajani, unashika kipande cha chuma na kukitelezesha juu ya nyuzi, mkono wa kulia unadonoa. Gumba na shahada vinatosha kushika chuma. Kalenga alikuwa ameiona ikipigwa ujana wake, na usiku wa hospitali aliikumbuka. Kwa hiyo elewa: hakwenda kununua pambo. Alikwenda kununua mkono.

"Makumi kenda," Kabwe akasema kabla hajaulizwa. "Inatoka Ulaya. Angalia vile inangaa."

"Inangaa," Kalenga akasema. "Lakini miye shitafuti kioo."

Albertine alichomoa uzi mrefu kwenye pindo la kitenge akampa mumewe bila kuambiwa. Kalenga aliulaza kutoka kwenye mfupa wa juu, pale nyuzi za gita zinapoanzia, mpaka alama ya kumi na mbili. Akaubana kwa meno, kisha akaupima kutoka alama hiyo mpaka daraja la chini, pale nyuzi zinapoishia. Vipande viwili hivyo lazima viwe sawa. Visipokuwa sawa, alama zote zinasema uongo na kila wimbo unatoka kilema. Havikuwa sawa, vilipishana kwa punje ya mahindi. Akainua gita akaitazama kwa jicho moja kama mtu anayelenga bunduki. Shingo ilikuwa imejipinda. Akazungusha ufunguo mmoja wa kukazia; ukateleza ukarudi wenyewe. Halafu pale shingo inapoungana na tumbo akaona mstari mwembamba kama unywele. Akamwomba Albertine noti.

Albertine alifungua fundo akatoa noti ya zaire moja. Kalenga akaichomeka kwenye ufa. Ikazama, kofia ya chui kwanza, mpaka kwenye miwani.

Walikuwapo wateja wanne, na mmoja wao akacheka. Akakimeza kicheko upesi, kwa sababu uso uliokuwa kwenye noti ulikuwa wa Rais, haukuwa uso wa kuchekwa, na Kabwe alikuwa amesikia.

"Muntu wa vidole mbili," Kabwe akasema polepole, "anakuya kunifundisha gita."

"Vidole njo balichukua. Masikio ingali iko."

Albertine akauliza kuhusu umeme. Gita ile ilikuwa ya kuchomekwa kwenye waya, na Ruashi, upande wao, waya za umeme zilipita juu bila kushuka kwenye nyumba ya mtu. Kabwe akasema watumie betri ya motokari. Albertine akamwuliza motokari yenyewe anaiuza bei gani. Yule mteja aliyemeza kicheko akatoka nje kwenda kukimalizia huko.

Walipokuwa mlangoni Kabwe akasema, bila kupandisha sauti, akimwita raia kama Chama kilivyoagiza, "Utarudia hapa, sitwayeni. Muji iko mudogo."

Mwanamke mmoja wa biashara ya mpakani aliwaletea nyingine kutoka Mokambo, ya mbao za kubandika, imenyeshewa na mvua njiani. Albertine aliigonga kwa kidole, ikajibu kama sanduku la sabuni. Ndipo walipokwenda Kamalondo kwa fundi Kasimu.

Babu yake Kasimu alitoka Maniema na msumeno begani, na msumeno ule bado ulikuwa ukutani. Kasimu alitengeneza milango na vitanda, na mara moja moja gita. Alikuwa na ubao wa mulombwa aliouweka miaka minne juu ya jiko la mkewe Habiba, mpaka ukanuka moshi na samaki na ukaacha kujikunja. Angeuchimba tumbo lenye uwazi, ulie bila umeme. Mfupa wa juu ungekuwa mfupa kweli, wa ng'ombe. Rangi hakupaka. Alisema rangi ni ya watu wenye kitu cha kuficha.

Bei yake ilikuwa zaire thelathini na nane, na sharti lake lilimfanya Albertine amtazame mara mbili. Gita itafungwa nyuzi, itakazwa mpaka mwisho, itakaa siku tisa nje juani bila kulipiwa hata likuta moja. Ikijipinda, ni kuni za Habiba.

Siku ya kumi Kalenga alirudi na uzi uleule wa kitenge. Akapima juu, akapima chini. Akapima tena. Albertine aliona mabega ya mumewe yanashuka, kama mtu aliyetua gunia ambalo alikuwa amesahau kwamba amelibeba. Akafungua fundo akahesabu pesa mbele ya Habiba, na hakuomba kupunguziwa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Kilibaki kile kipande cha kutelezesha. Kasimu alitoa kwenye kopo pini ya pistoni ya kamio, ya lori kubwa, chuma kigumu, laini kama kioo kwa kuguswa. Bure, akasema. Kalenga akaishika, akaipima uzito, akairudisha.

"Nataka shaba."

"Shaba iko na roho laini, Papa Kalenga. Nyuzi itaikula. Mwaka moja tu, utaona mifereji."

"Niko na musalaba ya shaba kwa nyumba. Iko na mikono ine. Miaka ine."

Kasimu alicheka mpaka akashika meza. Hakuna aliyejua kwamba hapo ndipo kosa lilipofanyika. Pini ile ilikuwa bure, na hakuna mtu hapa mjini ambaye angeuliza imetoka wapi. Lakini Kalenga alikuwa ameishi na shaba miaka ishirini na moja, ilikuwa kwenye jasho lake na kwenye kikohozi chake, na alidhani shaba inamjua. Ni kosa la mtu wa hapa. Mahali pengine pote mtu angechukua pini.

Msalaba wenyewe haukuwa wake, ulikuwa wa Albertine. Ni mmoja wa ile misalaba ya zamani iliyoyeyushwa na mababu kwenye vichuguu kabla hajaja mgeni yeyote na ramani, ambayo watu waliolea kwayo. Mwaka wa hamsini na tatu, siku ya mahari, baba yake Kalenga aliuweka juu ya pesa, mbele ya mzee Mwansa, mjomba wa Albertine, ili ndoa iwe na uzito. Mwansa alipokuwa anakufa alimrudishia mpwa wake mkononi. Tangu siku hiyo ulikaa chini ya kitanda, umefungwa kitambaa cheupe, na watu walisema haugusiki mpaka ndoa ivunjike.

Kalenga alikaa siku mbili bila kuuomba. Siku ya tatu, mchana, Albertine akautoa mwenyewe akauweka sakafuni kati yao.

"Sema, Baba Bahati. Unataka kukata ndoa yetu na musumeno?"

"Nataka itulishe."

Albertine alimfikiria mjomba wake. Alifikiria pia makayabu anayouza sokoni, chumvi nyingi na samaki kidogo, na mwanawe Bahati aliyerudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya karo. Kisha akasimama, akavua viatu, akapanda juu ya msalaba kwa miguu yote miwili, kwa sababu mkono wa kushoto wa mumewe haungeweza kuushika usitikisike. Kalenga akakata. Ilichukua mchana mzima. Chenga za shaba zilimwingia Albertine katikati ya vidole vya miguu, na hakuteremka. Halafu Kalenga alipiga tupa kipande kile siku tatu mpaka kikawa mviringo, urefu wa kidole.

Alipokiweka juu ya nyuzi kwa mara ya kwanza, sauti haikutoka kali kama ya chuma. Ilitoka nzito kidogo, kama mtu anayeimba akiwa ametoka kulia. Albertine alikuwa anasonga bukari, ugali wa jioni. Aliendelea kusonga, ila polepole zaidi.

Kazi ya kwanza ilikuwa matanga ya jirani, Jumamosi. Wote mlikuwapo. Kalenga alikaa kwenye kiti kifupi, gita magotini, na hata wale waliokuja kumtazama kilema akihangaika walisahau kumtazama mkono. Mama wa marehemu alisema sasa mwanawe anasindikizwa. Watu waliweka pesa kwenye sahani, na Albertine, aliyekaa na wanawake, alijilazimisha asiihesabu sahani kwa macho.

Kabwe alifika na vijana wawili wa Chama. Alisema anatafuta waliokwepa salongo ya asubuhi, ile kazi ya bure ya kufagia barabara. Hakutafuta mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti kifupi, akasubiri wimbo uishe, kwa adabu kabisa, akachukua kile kipande kati ya gumba na shahada vya Kalenga.

"Hii ni nini?"

Angeweza kusema chuma. Angeweza kusema sijui, nimeokota. "Shaba," Kalenga akasema.

"Ya nani? Shaba yote ya hii inchi iko ya Leta, ya serikali."

"Ile iko ya bibi yangu. Ya mahari. Hapa iko bantu banaijua."

Akageuza kichwa kuwatafuta hao watu. Walikuwa zaidi ya thelathini pale uani, na nyuso zote zilikuwa zinatazama ardhi. Marehemu peke yake ndiye aliyebaki uso juu.

Walimchukua Kalenga mbele na gita nyuma. Yule kijana aliibeba kwa kushika nyuzi. Albertine alimfuata mpaka barabarani akimwomba aishike shingoni, aishike tu shingoni. Kijana alimjibu kwamba mama, mwizi hachagui namna mali inavyobebwa.

Jumatatu Albertine alikuwa birona, ofisi ya serikali ya mtaa. Alikaa kwenye benchi tangu saa moja; walimwita saa tano, baada ya kuwaita watu watatu waliomkuta. Akaweka mezani msalaba uliobaki, mikono mitatu na kisiki, ili waone kipande kimetoka wapi. Karani akaangalia kisiki, akaangalia kipande kilichopigwa tupa, akamwangalia Kabwe, aliyekuwa amekaa dirishani kama mtu wa nyumbani.

"Sasa iko vipande mbili," karani akasema, akaandika.

Msalaba nao ukaingia kabatini. Albertine akatoa karatasi ya ndoa ya misioni, na kwenye karatasi ile, chini ya muhuri, padri alikuwa ameandika kwa mkono kwamba mahari ilikuwa pesa na msalaba mmoja wa shaba. Karani aliisoma mpaka mwisho. Aliisoma vizuri, kwa haki. Kisha akaweka kidole kwenye majina ya ubatizo ya mume na mke. André. Albertine.

"Hii majina ilikatazwa. Hii bantu hapana. Weye unaitwa nani?"

"Chileshe."

"Leta karatasi ya ndoa ya Chileshe."

Kwa hiyo miaka ishirini na miwili ya ndoa ilikuwa ya watu wawili ambao hawapo, na mahari ilitolewa na asiyekuwapo kwa asiyekuwapo, na shaba iliyobaki bila mwenyewe ikawa ya Leta. Mtu aliyeimwaga shaba hiyo kwenye kalibu maisha yake yote haruhusiwi kuwa nayo urefu wa kidole kimoja. Kampani ilimdai vitatu.

Karani, kwa aibu au kwa kuchoka, akamwambia kuna njia: mashahidi wawili, waliokuwapo siku ya mahari na kuuona msalaba kwa macho yao, waje waseme na kutia sahihi. Mwisho Jumamosi saa sita. Baada ya hapo mumewe atapelekwa mbele ya hakimu kama mwizi wa mali ya Leta.

Kabwe alimsindikiza mpaka kwenye korido. Akamwambia kwa upole, kama anayemwonea huruma, kwamba kuna njia fupi zaidi. Ile gita nyekundu bado iko. Sasa ni zaire mia na kumi. Wakiinunua, mambo haya yataisha leo, na kila mtu atarudi kwake.

Albertine alikuwa na zaire ishirini na mbili. Alizunguka nyuma ya biro, kwenye dirisha dogo la kashoti, chumba cha mahabusu, akamwambia mumewe kwamba anaweza kuuza mabati ya nyumba. Mvua iko mbali bado, watalala chini ya turubai.

Kalenga akaweka vidole vyake viwili kwenye ukingo wa dirisha.

"Shingo yake imepinda, Albertine," akasema.

"Batakufunga, Baba Bahati."

"Imepinda. Hapana kuinunua."

Alilitaja jina la mkewe lile lililokatazwa, pale, kwenye ukuta wa serikali, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeomba maji.

Basi akaanza kupiga hodi. Siku ya mahari walikula watu arobaini. Sasa wako hai kumi na saba, na Albertine anawajua wote kwa majina na kwa milango. Kalaba, aliyechinja mbuzi, akamwambia mbuzi anamkumbuka mpaka rangi ya pembe zake, lakini msalaba, mama, kichwa kimezeeka. Bwalya ndiye aliyeubeba msalaba ule kichwani chini ya kitambaa cheupe, akiwa msichana. Sasa mtoto wake anasubiri jibu la kazi kampani. Alimpa Albertine bakuli la unga, akalia, akafunga mlango. Wengine walijibu kwa ndani bila kufungua. Mmoja alimtuma mtoto aseme baba amesafiri, na Albertine alikuwa anaona miguu ya baba chini ya pazia.

Alhamisi akapita kwenye foleni ya unga. Akakufikia wewe.

Wewe hukusafiri, wala kichwa chako hakijazeeka. Siku ile ulikaa kwenye mkeka wa tatu kutoka kwenye ngoma, na ulikula ini, ukaomba tena. Msalaba ulipopitishwa watu waushike, uliuinua kwa mikono miwili ukajifanya unaelemewa, ukasema, "Iko nzito, huyu bibi hatarudishwa kwao." Wote walicheka. Mzee Mwansa alicheka mpaka akafuta machozi. Albertine, aliyekuwa amefunikwa uso, alikusikia, na alicheka chini ya kitambaa. Ndiyo maana pale kwenye foleni alikutazama wewe muda mrefu kuliko wengine.

Leo ni Jumamosi. Saa nne imepita. Bwalya yuko birona. Hakulala siku nne, na asubuhi ya leo alimwambia mtoto wake kwamba kazi itapatikana au haitapatikana, akajifunga kitambaa kichwani akaenda. Amekaa kwenye benchi na Albertine, mikono mapajani. Karani amekwisha kuandika jina lake, na chini yake ameacha mstari mtupu. Kabwe yuko dirishani, anatazama saa yake mpya. Gita iko nyuma ya kabati, nyuzi zimelegezwa na yule kijana, lakini shingo imenyooka. Fundi Kasimu hakudanganya.

Mmoja amepatikana, na wanatakiwa wawili. Hakuna anayekuomba uandamane, wala umtukane mtu, wala uchomwe jua barabarani na bendera. Unaombwa kusema maneno manne: niliuona, niliushika, ulikuwa mzito. Ukitoka sasa hivi, kwa miguu, utafika saa tano na robo.

Usiiname. Sandali zako hazina kamba. Simama, uende.